Hina Ndani ya Maji

 Kama uko jikoni, endelea na kazi yako. Mazungumzo ya leo hayakutaki ukae kitako.

Ijumaa moja bibi jirani yangu alipita kufuata sinia yake. Hata shikamoo sijaimaliza, macho yake yameshafika kwenye hodhi langu la kioo, lile la samaki, lililo ukumbini karibu na dirisha. Akasogea, akainama, mikono mgongoni. Samaki hakuwajali. Aliutazama mmea mmoja wa kona ya kulia, wenye majani mekundu mororo, yamejikunja pembezoni kama hariri isiyopigwa pasi, akasema, "Mwanangu, haya majani umeyatia hina?"

Nilicheka, kwa sababu alikuwa amepatia kuliko alivyojua. Mmea ule vitabuni huitwa Rotala macrandra, na ukoo wake katika mpangilio wa wataalamu wa mimea ndio ukoo wa mhina. Mhina ule ule alio nao bibi uani kwake, unaotwangwa na kutiwa mikononi mwa bibi harusi. Mkomamanga nao umo humo humo. Aliyeupa jina hilo, mwaka 1880, ni Emil Koehne, Mjerumani aliyeufanya ukoo huu wa mhina kuwa kazi ya maisha yake. Kwao hasa ni India ya Kusini, kwenye vijito na madimbwi yanayofurika wakati wa mvua na kunywea kiangazi. Kwa sababu hiyo una maisha mawili. Maji yakipungua, shina husimama hewani likatoa majani madogo, ya mviringo, magumu kidogo, ya kijani. Maji yakipanda yakaufunika, majani yale hufa, na mahali pake huja mengine marefu, laini, mekundu. Mtu asiyejua angeapa kuwa ni mimea miwili.

Miongoni mwetu tunaofuga samaki wa mapambo, mmea huu una sifa moja: unadeka. Ukiuhamisha, unanuna. Ukibadilisha maji kwa ghafla, majani yanayeyuka mpaka unabaki na vijiti. Mimi niliupata kwa mfugaji mwenzangu wa Dar es Salaam, vishina vitano vimefungwa gazeti bichi ndani ya kopo la aiskrimu, vikaja na boti. Baada ya wiki tatu vilibaki viwili, na hivyo viwili vilikuwa na rangi ya chai iliyopoa.

Nikafanya wanalofanya karibu wote: nikanunua chupa ya chuma. Nasema chuma, yale madini. Fikra yenyewe ina mvuto wake. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Mjamzito akipungukiwa na damu anaambiwa ale maini na mboga za majani. Basi na jani likipauka, litiwe chuma liwe jekundu. Lakini jani halina damu. Mmea unataka chuma ili uweze kutengeneza umbijani, yaani ule ujani wenyewe. Utaijua njaa ya chuma pale majani machanga ya kileleni yanapotoka ya manjano, mishipa ikabaki ya kijani. Kwa hiyo ile chupa, kama ingefanya kazi, ingenipa kwanza kijani. Na haikufanya kazi, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye maji. Ilichonipa ni utando wa kahawia kwenye kioo.

Basi wekundu wenyewe unatoka wapi? Katika mhina, jani ni la kijani, rangi imejificha mpaka ulitwange na kulirowesha. Katika mmea wangu rangi ipo wazi, na inaitwa anthosayanini. Umeshaiona, hata kama hukuijua jina: ndiyo rangi ya juisi ya rozela, ile wengine wanayoiita choya. Ukiikamulia limau inang'aa zaidi. Upo mmea mwingine mwekundu unaouzwa sana kwa mahodhi, Alternanthera reineckii wa Amerika Kusini, na huo ni wa ukoo wa mchicha. Rangi yake ni ya aina ile ya mchicha mwekundu, inayotoka sufuriani ikapaka wali. Ajabu ya Mungu ni kwamba rangi hizi mbili, ya rozela na ya mchicha, hazijapata kukutwa pamoja katika mmea mmoja. Ukiwa na moja, huna ya pili.

Sasa hapa ndipo nilipokosea muda mrefu, na naona wengi wanakosea. Tunadhani wekundu ni dalili ya kushiba. Sivyo. Wekundu wa rotala ni mwavuli. Jua linapokuwa kali kuliko jani linavyoweza kulitumia, mmea hutandaza ile rangi juu ya ujani wake, jani lisiungue. Ni kama wanawake wa pwani wanavyojipaka liwa usoni wakienda juani. Na usilichanganye na jambo la mwani. Wale akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani baharini wanajua kuwa mwani wao nao una wekundu, lakini ule una kazi iliyo kinyume kabisa: unanasa mwanga, ule wa buluu na kijani ambao ndio unaofika chini ya maji. Mwani umevaa wekundu kwa sababu ya uchache wa mwanga, rotala kwa sababu ya wingi wake.

Nilipolielewa hilo nikaona nimepata ufunguo. Kama ni mwavuli, basi nilete jua! Nikanunua taa ya LED ya nguvu, nikaiwasha kwa muda wa saa kumi kila siku. Wiki ya kwanza vilele vilianza kupata rangi, nikawaita watu waje waone. Wiki ya pili kila jani lilikuwa limeota manyoya ya kijani, na mawe yote yamegeuka utelezi. Mwani, huu wa maji baridi, ulikuwa umehamia kwangu na familia yake yote.

Mwanga, msikilizaji, ni tajiri anayeongeza kazi. Hewa ya ukaa na mbolea ndio posho. Kazi ikiongezwa bila posho, kibarua anaondoka, na anayeingia mahali pake ni yule asiyechagua. Mwani hauchagui.

Tuje kwenye maji. Sisi wa Unguja tunaishi juu ya jiwe la matumbawe, na maji yetu ya kisima yanalijua jiwe hilo vizuri. Kama unataka ushahidi, funua birika lako uangalie ndani: ule ugaga mweupe unaoganda chini ni chokaa. Nilipima maji yangu kwa kile kipimo cha matone, unadondoza na kuhesabu mpaka rangi igeuke kutoka buluu kwenda manjano, nikapata digrii 14 za ugumu wa kaboneti. Digrii hizo huitwa za Kijerumani. Rotala macrandra anayapenda maji laini, digrii nne au chini ya hapo. Nilikuwa nimemleta mtoto wa mvuani nikamwogesha maji ya chokaa. Na katika maji kama hayo, chuma ninachomimina hakikai: kinashikana na hewa, kinakuwa kutu, kinatua. Ndio ule utando wa kahawia. Mmea ulikuwa unakitazama tu kikipita.

Dawa ya hili haikunigharimu kitu, maana ilikuwa inashuka kutoka mbinguni. Masika yalipoingia nikatega pipa chini ya mfereji wa bati. Mvua ya kwanza niliiacha ipite, ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Ya pili nikakinga. Maji ya mvua hayana chokaa, lakini pia hayana chochote, na mmea hauli utupu. Kwa hiyo nachanganya ndoo tatu za mvua na moja ya kisima. Hesabu ni nyepesi: 14 kugawa kwa nne, tatu na nusu. Nilifanya polepole, ndoo moja moja kwa mwezi mzima. Mke wangu alinitazama siku ile ya kukinga nimelowa chapachapa, akasema, "Watu wanakinga maji wanywe wao, mume wangu anakingia majani."

Katika mpango huo nilipata hasara moja, na bado inaniuma kidogo. Nilikuwa na samaki wanne wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wa ukoo mmoja na sato, ambao hupelekwa nje kutoka Kigoma na Burundi kwa wapenzi wa samaki duniani kote. Wale wamezoea maji ya ziwa lao, yenye pH karibu na 9, na maji yangu ya kisima yaliwapendeza mno. Maji ya mvua yasingewafaa. Ilibidi nichague, samaki wa nyumbani au majani ya India, na samaki nikampa rafiki mmoja mwenye hodhi kubwa. Ukiniuliza leo nitakwambia kwamba mtu mwenye maji ya chokaa na akili timamu angebaki na samaki wa Kigoma.

Baada ya maji, hewa. Mmea wa nchi kavu hupata hewa ya ukaa bure, upepo unaileta. Chini ya maji gesi hiyo hutembea polepole mara kama 10,000 kuliko hewani, na maji yaliyoachwa tu hayana hata miligramu moja yake kwa lita. Wanaokuza mimea inayodeka huipandisha mpaka kama miligramu 30. Huo ni wingi ambao samaki bado wanauvumilia. Ukizidi sana, utawaona wanapanda juu wakitweta.

Nilianza na njia ya maskini, ambayo naiheshimu: sukari, hamira na maji vuguvugu ndani ya chupa ya soda, kizibo kimetobolewa, mrija mpaka ndani ya hodhi. Hamira inakula sukari na kutoa gesi ile ile inayoumua maandazi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema chupa moja huenda wiki mbili. Vilisahau kutaja joto la Unguja mwezi wa Februari. Siku ya tatu nilitoka chumbani alfajiri kwenda kutia udhu nikakuta hodhi jeupe kama tui. Chupa ilikuwa imefura usiku, povu likapanda kwenye mrija, na uji wa hamira ukaingia wote kwa samaki. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wanahema. Nilibeba ndoo kabla ya sala na baada ya sala. Wawili hawakupona. Na jambo jingine nililojifunza siku ile ni kwamba hamira haijui usiku. Taa ikizimwa mmea hauitumii tena ile gesi. Nao unapumua kama samaki, unavuta oksijeni ile ile. Chupa inaendelea kutoa tu.

Fundi mmoja wa majokofu ndiye aliyenitoa huko. Alinipatia mtungi mdogo wa gesi, akafunga kidhibiti na vali ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. "Sheikh wangu," alisema, "hii vali usije ukaiondoa ukasema inakula umeme." Sijaiondoa. Gesi inafunguka saa moja kabla ya taa na kufungwa saa moja kabla taa hazijazimwa. Ndani ya hodhi nimening'iniza kikengele kidogo cha kioo chenye maji ya kipimo: gesi ikiwa chache ni buluu, ikizidi ni manjano, na ninachokitafuta ni kijani cha embe bichi. Kinachelewa saa moja au mbili kusema kweli, kwa hiyo sikiamini peke yake. Nawatazama na samaki.

Taa nayo nikaipunguza, kutoka muda wa saa kumi kwa siku mpaka saba. Mchana wa kiangazi natega feni ipulize juu ya maji, kwa sababu zaidi ya digrii 28 mmea huu unaanza kurefuka ovyo, na maji ya moto yanashika gesi kidogo.

Nilijaribu pia ule ushauri wa kuunyima chakula. Kuna binamu yake, Rotala rotundifolia, anayeiva vizuri ukimpunguzia naitreti. Njaa kidogo inamfanya atandaze mwavuli haraka. Wengi wanautoa ushauri huo kwa kila mmea mwekundu. Huyu macrandra hakuniitikia. Nilipomnyima, vilele vilidumaa, majani ya chini yakadondoka moja moja. Nilipomrudishia naitreti, potasiamu na fosfeti kwa kiasi, alinyanyuka, na wekundu haukuondoka. Kwa maoni yangu, anayeulaza mmea huu njaa ili upate rangi anafuga mgonjwa mwenye homa na kusifu mashavu yake.

Niseme neno kuhusu hila. Ukiona picha ya hodhi lenye majani mekundu kama damu ya leo, uliza kwanza ni taa gani. Zipo taa zenye mwanga mwekundu mwingi, na chini yake hata jani la rangi ya kutu linaonekana limeiva. Ni mchezo ule ule wa buchani, taa ya waridi juu ya nyama ya jana. Mimi nikitaka kujua ukweli wa mmea wangu nazima taa, nafungua dirisha, nautazama kwa mwanga wa asubuhi.

Hata ukiwa mwekundu kweli, si lazima ujaze hodhi zima. Waholanzi, ambao wana mtindo wao wa zamani wa kupanga mimea ya maji kwa safu kama vitalu vya bustani, huweka kikundi kimoja tu cha wekundu au viwili, ili jicho lipate pa kutua. Takashi Amano wa Japani, mpiga picha aliyeibadilisha kazi hii kwa kuleta milima na misitu ndani ya kioo, naye alikuwa na mkono mzito kwenye wekundu. Kazi yake kubwa ya mwisho ipo Lisbon, hodhi la mita 40 na lita 160,000, lililofunguliwa mwaka 2015, mwaka ule ule aliofariki. Langu ni la lita 60, na kikundi kimoja kinatosha.

Kazi ninayoipenda ni ya mkasi. Shina likifika juu ya maji, vivuli vya vilele huua majani ya chini, na usipokata unabaki na fagio. Nakata kilele, kidole na nusu hivi, mahali palipo juu kidogo ya pingili. Shina la rotala hili ni chepesi kuvunjika kuliko linavyoonekana. Ukilibana kwa kibanio kwa pupa linachubuka, na palipochubuka hapachukui siku tatu pameoza. Naondoa majani mawili ya chini, nashika kwa ncha, nazamisha kwa mshazari kwenye udongo, nafungua kibanio ndani ya udongo kabla ya kukitoa, vinginevyo kilele kinanifuata mpaka juu. Kimoja kimoja, kila kimoja na nafasi yake ya upana wa vidole viwili, mwanga ufike chini. Vilele ndivyo vyekundu, kwa hiyo ndivyo vinavyopandwa tena mbele. Visiki vya zamani huchipua matawi mawili, navyo naviacha nyuma.

Na mabaki hayatupwi mtaroni. Gugumaji nalo, lile linalowafungia wavuvi wa Ziwa Viktoria njia ya mitumbwi, lilitoka Amerika Kusini kwa sababu lilikuwa na ua zuri. Mabaki yangu huanikwa juani yakauke kwanza, kisha yanaingia shimo la mbolea.

Isipokuwa Ijumaa ile. Bibi aliposikia kuwa mmea ni ndugu wa mhina, hakuondoka. Alitaka vilele vitatu avipande kwake. Nikamwambia, bibi, huu unakaa majini. Akasema beseni analo, tope analo, na mhina wake mwenyewe aliupanda kabla mimi sijazaliwa. Nikamkatia vitatu vizuri kabisa, nikavifunga gazeti bichi, nikaviweka juu ya sinia yake.

Jana jioni aliniita nilipopita. Beseni lipo chini ya kivuli cha mhina, tope limelowa vizuri, maji kiasi cha ukucha. Majani mekundu yote yalikuwa yamekwisha kuoza. Lakini kutoka kwenye mashina vilikuwa vimechomoza vijani vipya, vidogo, vya mviringo, vigumu kidogo, vya kijani kibichi, vyenye afya kuliko chochote nilichonacho hodhini. Hakuna mtungi, hakuna vali, hakuna kikengele.

Nilifurahi, nikaanza kumweleza habari za maisha mawili. Akanikatiza, kidole kwenye beseni.

"Mwanangu," alisema, "rangi umebaki nayo wewe."